Njia Tatu za Kumnyamazisha Bwana Arusi

Jumapili, 11 Februari

Mimi Muhigirwa, motari wa Kamembe upande wa Rwanda, yaani mbeba abiria kwa pikipiki, mwenye jile safi, kile kizibao cha kazi, na kaske mbili za kichwani zisizonuka, leo nimeanza kuandika. Si kwamba nimekosa watu wa kuongea nao. Ni Feza, mpenzi wangu, ameniambia: "Maneno yote yenye kukuwasha mu mudomo, uyaandike. Usiyamwange tena mbele ya ba muzee ba kwetu." Basi nayaandika. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini mwandiko wangu ulisifiwa hata na walimu walionichukia, na hao hawakuwa wachache.

Jambo lenyewe ni hili. Jana tulikwenda Gashonga kwa akina Feza kwenye gusaba, ile sherehe ya kuomba msichana. Sisi ni watu wa Bukavu. Kwetu ukienda kuomba mke wajomba wanapigiana kelele, mambo yanaisha, watu wanakula. Akina Feza ni Wanyarwanda waliokulia kulekule kwetu Kongo wakarudi. Kiswahili tunaongea kimoja, lakini kwenye gusaba wana ukali kuliko hata wale ambao hawakuondoka. Kwao ni mchezo wa maneno. Msemaji wa msichana anakana kila kitu: hatuna msichana hapa, hatuwajui, mmepotea njia. Anamchokoza kijana kwa adabu, msemaji wa kijana anajibu kwa adabu zaidi. Na kijana mwenyewe, yaani mimi, anakaa mbele ya watu kama kikapu. Hafungui mdomo.

Msemaji wao ni Mzee Sibomana, ndugu ya babu yake Feza, mtu mwenye fimbo na sauti ya redio. Wetu ni mjomba wangu, Papa Ciza. Mzee Sibomana akashika mikro akasema: "Feza? Hapa hatuna Feza. Iyo jina muliisikia wapi?"

Mahema mawili yamejaa watu. Mimi nimekaa nikitazama pazia la mlango, na chini ya pazia naona kidole cha mguu, rangi nyekundu, kidole ninachokijua vizuri. Nikasimama. Nikasema: "Muzee, Feza njo ule. Kidole yake inaonekana."

Upande wetu walicheka. Upande wao hakucheka mtu. Kidole kikarudi ndani. Mzee Sibomana akaweka mikro chini, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Tukapewa Fanta, tukapewa na njia. Mama yake Feza, Maman Védastine, alitusindikiza mpaka barabarani akamwambia mjomba: "Kwaresima inaingia, kisha mvua. Mutarudi mwanzo wa mwezi wa sita, kama uyu kijana atakuwa amejifunza kukaa. Kama hapana, musirudi."

Nilisema ukweli. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumatano, 14 Februari

Majivu. Mvua. Feza hapokei simu.

Jumatatu, 19 Februari

Nilijaribu kukaa kimya kwa nguvu zangu mwenyewe. Nilianza asubuhi. Nikafika mpaka abiria wa kwanza, aliyeniambia kwamba timu yangu inacheza kama wazee wa kwaya. Hapo niliacha.

Jumamosi, 24 Februari

Nimepata dawa, na nimeipata famasi. Nilimpeleka nyumbani Tumukunde, yule mwenye famasi karibu na soko la Kamembe. Alisomea India miaka mingi, akarudi na diploma, kitambi kidogo, na tabia ya kukaa sakafuni. Nilimweleza shida yangu njia nzima, kwa sababu abiria hawezi kukimbia.

Akaniambia kule India aliingia mahali ambapo watu wanakaa siku kumi bila kuongea. Siku kumi, watu wazima, hawajafungwa na serikali. Unaacha simu mlangoni. Kwanza unasikiliza pumzi puani tu. Kisha unapitisha akili mwilini, kutoka utosini mpaka vidoleni, polepole, kama mtu anayekagua basi zima akitafuta mzigo uliopotea. Ukikuta kuwashwa, hujikuni. Ukikuta maumivu, huhami. Unaangalia tu, kinapita chenyewe. Alisema ni njia ya Buda, lakini hakuna anayekuuliza dini yako mlangoni.

"Na mudomo?" nikamuuliza.

"Mudomo ni sehemu ya mwili. Ikiwasha, unaiangalia."

"Yangu inawasha tangu nizaliwe."

"Basi uko na kazi mingi," akasema, akashuka.

Jumapili, 25 Februari

Nimekaa saa nzima. Nusu yake.

Jumamosi, 2 Machi

Sifa zangu niziseme mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyekuwepo: leo nimemaliza saa kamili bila kuhama. Nzi alitembea puani mwangu kama mpangaji mpya anayekagua chumba. Sikumgusa. Tatizo ni moja. Nilipotaka kusimama, miguu haikuwepo. Nilianguka juu ya sufuria ya maharage ya mama. Mama akasema, "Uko na malaria." Nikasema, "Maman, ni mazoezi." Akasema, "Mazoezi ya kuanguka?"

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imekata barabara ya chini. Mteja mmoja.

Jumanne, 12 Machi

Feza amepokea simu. Ana saluni yake pale karibu na mpaka wa Rusizi ya kwanza, anawasuka wanawake wanaovuka na nyanya na dagaa wa sambaza kwenda Bukavu. Nilimwambia najifunza njia ya Buda ya kukaa kimya. Akauliza: "Utakuwa unavaa lile shuka ya watawa?" Nikasema hapana. "Basi endelea," akasema. "Lakini mama asisikie."

Kumwambia jambo msusi wa mpakani, mbele ya kichwa cha mteja, ukitegemea mama asisikie. Hapo na mimi nilikosa akili.

Ijumaa, 15 Machi

Kwenye kiti cha saluni nimekutana na Madame Sandrine. Ni mshauri wa wanawake wa mpakani, wale waliopatwa na mambo mazito. Alisoma Ubelgiji. Feza alikuwa amemsuka nusu na kumweleza habari zangu zote.

"Tumukunde anakupitisha mwilini?" akaniuliza. "Bon. Ile ni njia. Lakini muntu mwenye maneno mingi kama weye, apewe kazi ya maneno."

Njia yake aliipata kwa wafuasi wa mtawa mmoja wa Burma. Hukagui mwili. Unakaa, unaangalia tumbo: likipanda unasema moyoni "kupanda", likishuka, "kushuka". Kikija kitu kingine unakipa jina lake. Ukisikia kelele: kusikia, kusikia. Ukikasirika: hasira, hasira. Ukishakiita kwa jina, kinapoteza nguvu, kama mwizi aliyetambuliwa sokoni. Na unaweza kufanya ukitembea, ukila, hata ukiendesha.

Hiyo ndiyo njia yangu. Mimi nimepewa kipaji cha kuita vitu majina.

Jumatatu, 18 Machi

Habari mbaya. Moyoni kwangu hakuna ukuta. Nikiita jina ndani, midomo inatoka nalo nje. Leo nilimbeba mama mmoja na kapu la nyanya, lori likatumwagia matope. Nikaanza: "Hasira, hasira, hasira."

Mama akanigonga kaske. "Papa motari, unaongea na nani?"

"Na hasira."

"Iko wapi?"

"Iko mu kifua."

"Unishushe apa," akasema. Alishuka kwenye mvua, na nyanya zake, mbali kabisa na mpaka.

Jumatano, 20 Machi

Mimi mzima nimechanganyikiwa. Asubuhi nilipitisha akili mwilini, nikafika begani, nikakumbuka tumbo, nikasema kupanda, nikasahau nilipoachia bega. Ni kama kuwa na abiria wawili, mmoja anasema kulia, mwingine kushoto, na wote wameshika koti langu.

Jumamosi, 23 Machi

Leo naandika mengi kwa sababu leo nimeona vita.

Nilikuwa famasi kwa Tumukunde, namwuliza kama naweza kushika njia zote mbili. Akasema, "Usichanganye dawa. Chagua moja, umalize dozi." Palepale akaingia Madame Sandrine kununua dawa ya kichwa. Mimi nikadhani ni bahati. Nikawakutanisha: "Madame, uyu Papa anasema niache ya tumbo."

Sandrine akacheka kwa adabu. Tumukunde akacheka kwa adabu. Wagonjwa watatu walikuwa kwenye foleni.

"Ile ya majina," Tumukunde akasema, "ni nzuri. Kwa kuanza. Lakini muntu anabaki anapiga kelele mu kichwa."

"Na ile ya kupita mwilini," Sandrine akasema, "ni nzuri. Kwa benye banapenda kuteseka miguu."

"Mwalimu wetu alipokea kwa walimu ba Burma."

"Wetu njo wa Burma yenyewe."

Kumbe walimu wao wametoka nchi moja. Nikakumbuka makanisa mawili ya mtaani kwetu, moja juu ya barabara na moja chini, yenye Yesu mmoja na spika mbili. Wakaendelea. Wewe hujakaa siku kumi. Wewe umekaa siku kumi ukadhani umekaa maisha. Sauti ya Tumukunde ilipanda mpaka chupa za dawa ya kikohozi zikaanza kulia kwenye kioo. Sandrine alikuwa ananyoosha kidole. Mzee mmoja kwenye foleni akaniuliza taratibu, "Banapigania nini?" Nikamwambia, "Utulivu."

Na mimi, Muhigirwa, mtu niliyefukuzwa gusaba kwa mdomo, nikawaambia kwa sauti ndogo: "Hasira, hasira."

Wote wawili wakanigeukia. Kwa muda nilidhani nitapigwa kwa mkono wa India na wa Ubelgiji pamoja. Kisha Sandrine akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akafunga macho. Tumukunde akamletea maji na ile dawa ya kichwa. Hakuna aliyeomba msamaha, lakini alimfungulia chupa.

Nilirudi nyumbani nikicheka. Kisha nikaacha kucheka. Kama hawa waliokaa miaka bado wanawaka kama petroli, mimi wa mwezi mmoja nitafanya nini mbele ya Mzee Sibomana?

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Janga.

Feza alinialika misa Gashonga, nikae na familia, mama yake anione nimetulia. Nilichagua njia ya Tumukunde, maana ya Sandrine ingenifanya nijibizane na padri. Nilikaa kama jiwe. Maman Védastine alinitazama mara mbili kwa jicho la pembeni, na mara ya pili jicho lilikuwa limelainika. Nikajisifu moyoni. Nikaendelea kukaa.

Ikafika Injili. Kanisa zima likasimama. Mimi miguu ilikuwa imekufa tangu somo la pili. Nilijisukuma kwa mikono, nikapanda kidogo, nikarudi kwenye benchi. Watu mia tatu wamesimama kwa ajili ya Ufufuko, mmoja amekaa, na huyo ni mkwe.

Nje, kwenye matope, Maman Védastine aliniita kando.

"Mu saluni banasema uko unaabudu sanamu ya Wahindi. Nilikataa. Leo nimeona na macho. Haukusimama kwa Injili."

"Maman, miguu ililala."

"Miguu ya ba kristu bote ilisimama."

Feza alikuwa amesimama nyuma yake akitazama migomba. Nikaona hapa maneno mazuri hayatasaidia, nikasema yale machache niliyokuwa nayo. "Sijabadilisha dini, Maman. Nilitafuta mutu wa kunifundisha kufunga mudomo. Padri nilimuuliza, akasema niombe. Niliomba. Mudomo ilibaki wazi. Njo nikaenda kwa benye banajua kukaa."

Akanisogelea. "Ni mazoezi ya kufunga mudomo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Hakuna kuinamia sanamu?"

"Hata sijaiona, Maman. Niko naona tu nzi."

Akatengeneza kitenge chake. "Kama ni ya kufunga mudomo, uendelee. Lakini Injili, utasimama, ata kwa fimbo."

Kisha akaongeza, akiwa ameshaanza kutembea: "Baba yake Feza aliondoka Feza akiwa mudogo. Muzee Sibomana njo alimukomalisha, njo alimulea. Weye ulimukatiza neno mbele ya watu."

Hilo sikulijua. Feza hakuwahi kusema, au alisema na mimi nilikuwa naongea.

Jumapili, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Mji uko kimya. Pikipiki nimeiegesha. Wiki hii sitaandika mizaha.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Bega la kulia la jile limeota ukungu.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nimekutana na njia ya tatu na sikuitafuta. Nilimshusha Bugarama mtu mmoja aliyekuwa amebeba mkanda wa mashine begani kama nyoka. Kule chini joto, mashamba ya mpunga yanang'aa kama bati jipya. Mtu huyo anaitwa Prasit, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, katoka Thailand, na Kiswahili chake amefundishwa na wapakuzi wa magunia. Kwa hiyo anajua matusi yote na namba mpaka ishirini.

Mvua ikanizuia kinuni. Ili muda upite nikamweleza habari zangu, pamoja na Tumukunde na Sandrine na miguu. Alisikiliza huku anaupigia mkanda nyundo. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Mimi pia," akasema. "Mimi mutawa. Mvua moja."

Kwao, akanieleza kwa mikono na namba na matusi, kijana kabla ya kuoa anaingia utawani msimu mmoja wa mvua. Ananyolewa nywele na nyusi. Anakaa msituni na watawa, mvua ikiisha anatoka, anaoa. Asiyepita huko, mama wa msichana anamwona mbichi. Nikamwambia, bwana, na mimi nimewekwa kwenye mvua na mama wa msichana. Tukapeana mikono kama watu wa kijiji kimoja.

"Ulijifunza nini kule?"

"Kulala," akasema. "Kufagia. Kutembea."

Njia yao ni hii: ukivuta pumzi unasema moyoni "Bud", ukiitoa unasema "dho". Ukichoka kukaa unatembea, kutoka hapa mpaka pale, unarudi. Akanionyesha: kutoka mashine mpaka ukuta.

"Nikifika kwa ukuta niangalie nini?"

"Ukuta."

"Kisha?"

"Rudi."

Nilitembea mpaka mvua ikakatika. Sijui nilikwenda mara ngapi. Niliporudi Kamembe niligundua kwamba tangu Bugarama sikuwa nimeimba, na mimi kwenye ile milima huwa naimba.

Jumatano, 24 Aprili

Bud. Dho. Miguu ipo, mdomo umefungwa. Nimepata.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimelala nikiwa nimekaa, kwenye kituo, na kaske kichwani. Motari wenzangu wameniwekea ganda la ndizi mkononi na kunipiga picha. Wanasema nilikuwa nakoroma.

Nilimpigia Prasit simu. "Ndiyo," akasema. "Mimi pia. Mvua yote."

Jumamosi, 11 Mei

Hesabu ya mambo yalivyo. Kwa Sandrine mdomo unacheza. Kwa Tumukunde miguu inakufa. Kwa Prasit nalala na kukoroma. Na bwana arusi kwenye gusaba anatakiwa asiongee, asikorome, na Feza akitoka ndani asimame kumpokea. Nimeombwa kuchagua shimo la kutumbukia.

Nilimuuliza Feza achague yeye. Alikuwa na kichwa cha mteja mapajani na meno yake yameshika uzi. "Miye nilikuchagua weye," akasema. "Ingine uchague mwenyewe."

Jumatatu, 20 Mei

Mvua inapungua. Asubuhi naona ziwa lote mpaka Bukavu. Nakaa kidogo kila siku, njia yoyote inayonijia. Tumukunde akijua atanifukuza famasi.

Jambo moja la ajabu. Abiria wanaongea. Sikuwahi kujua kwamba abiria wanaongea. Leo mzee mmoja amenieleza habari za ng'ombe wake kutoka Gashonga mpaka mjini, na ilikuwa habari nzuri, yenye mwanzo na mwisho.

Jumapili, 2 Juni

Jana ilikuwa ndiyo siku. Mkono umechoka kwa kusalimiwa, lakini naandika yote.

Tulipanda Gashonga, jua kali, matope yamekauka. Mahema mawili tena, mikro ileile. Tumukunde na Sandrine walikuja upande wetu wakakaa benchi moja, kama wazazi wa mwanafunzi siku ya mtihani. Prasit alishindwa kuja, mashine ilikuwa imeharibika, alituma gunia la mchele.

Nilikuwa nimechagua njia ya Prasit, kwa kahawa mbili nyeusi ili nisilale. Bud, dho. Papa Ciza akasalimia, akasema tumekuja kuomba. Mzee Sibomana akasimama na fimbo yake.

"Mwezi wa pili mulikuja na kijana mwenye kuongea," akasema. "Leo mumemuleta yeye ao mumeleta picha yake?"

Watu wakacheka. Kahawa ikaanza kunipigia ngoma kifuani. Jibu nilikuwa nalo, jibu zuri sana, ninalo mpaka leo. Pumzi ikapotea. Nikashika ya Sandrine: kutaka kuongea, kutaka kuongea. Nikahisi midomo inaanza kucheza na mtoto mmoja mbele ananiiga. Nikaiuma. Hapo nikaiacha na hiyo, nikakimbilia ya Tumukunde: utosini, paji, masikio.

Nilipofika masikioni nikaanza kusikia. Naandika kama ilivyotokea. Mwezi wa pili nilisikia matusi. Jana nilisikia maswali.

"Banasema anaendesha pikipiki," Mzee akasema. "Hapa mvua inanyesha miezi mingi. Kama tungekuwa na Feza, na hatuna, na akiugua saa ya mvua, atabebwa juu ya nini?" Na kisha: "Ni muntu wa maneno. Siku bakigombana, Feza, kama tungekuwa naye, atapata wapi nafasi ya kusema lake?"

Hayo ndiyo maswali ambayo baba angeuliza. Baba hayupo, anauliza mzee, na anayafunika kwa kichekesho ili asilie mbele ya watu. Na mimi mwezi wa pili nilisimama katikati ya hayo nikazungumzia kidole.

Mjomba wangu alianza vizuri, lakini jua lilikuwa kali na yeye ni mtu wa Bukavu. Mzee aliposema Feza ameshaolewa Kibuye wiki iliyopita, Papa Ciza akaamini. Nikaona shingo inavimba. "Tumekuja mara mbili," akasema, nje ya mikro, "hatuko batoto." Akaanza kusimama.

Na palepale chini ya pazia kikatoka kidole. Rangi nyekundu. Kikachezacheza. Aliniwekea makusudi, yule mwanamke. Mungu ni shahidi yangu, hicho kidole kilikuwa kinanicheka.

Sikusema kitu. Nilishika ncha ya koti la mjomba, nikaivuta kidogo chini, kama mtu anayeangalia kitambaa. Mjomba akanitazama. Nadhani alichoshtuka nacho ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimetulia. Akakaa, akakohoa, akachukua mikro. "Muzee," akasema, "kama ameolewa Kibuye, tutangoja hapa mpaka arudi kusalimia mama yake." Mahema yote mawili yakapiga makofi. Mzee Sibomana alitabasamu, na nikajua tumeingia.

Yakaendelea mpaka jua likahamia upande wa pili wa hema. Nilipita mwilini mara sijui ngapi. Mwishoni Mzee akasema: "Ngoja tuangalie mu nyumba. Labda kuko mumoja tulimusahau." Pazia likafunguka, Feza akatoka kwenye vazi la sherehe la mshanana, la rangi ya chungwa, mama yake mbele yake, na watu wakaniashiria: simama.

Miguu haikuwepo.

Nilijisukuma kwenye kiti. Nilichukua hatua moja ambayo sikuihisi, na ya pili ambayo haikutokea. Nikaanguka magoti, pu, mbele ya Maman Védastine, mikono ikishika ardhi, kichwa kimeinama. Hakuna mkwe anayepiga magoti kwenye gusaba. Hakuna mtu aliyewahi kuliona hilo Gashonga.

Kisha wanawake wakapiga vigelegele. Maman Védastine akaweka mkono juu ya kichwa changu, na mkono ulikuwa mzito na wa moto. "Nimeona," akasema. "Inatosha, mwanangu. Simama."

Sikuweza kusimama. Nikabaki pale. Wakaona ni unyenyekevu unaendelea, vigelegele vikaongezeka. Nyuma yangu nikamsikia Tumukunde anamwambia Sandrine, "Ni miguu," na Sandrine anamjibu, "Nyamaza."

Mzee Sibomana alikuja mwenyewe akanipa fimbo yake niinukie. Aliinama karibu na sikio langu, bila mikro. "Mwezi wa pili," akasema, "na miye nilikiona kile kidole."

Jioni, wakati wa kuondoka, Feza alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Tulisimama. Alingoja. Mimi nilikuwa naangalia migomba na mwanga uliokuwa juu yake, na sikuwa na haraka.

"Muhigirwa," akasema, "juu ya nini hauongei?"

"Nimejifunza."

"Ulijifunza juu ya ba muzee. Na bamezoea sasa." Akanivalisha kaske akaifunga chini ya kidevu. "Mu saluni yangu bamepita banaume bengi wa kunyamaza. Sikuchukua ata mumoja. Ongea."

Nikatafuta pa kuanzia. Mvua nzima ya maneno ilikuwa imejaa mle ndani, na muda tulikuwa nao.

Nikaanza na kidole cha mguu.